Tumbo limejaa lakini ng'ombe anakonda

Si lazima iwe minyoo. Nyasi za maeneo ya joto zikishakomaa huwa karibu vijiti: lignini (kinachofanya mmea uwe mgumu kama mti) tele, protini kiduchu. Kwenye rumeni, chumba kikubwa cha tumbo la ng'ombe, wanaovunja nyuzinyuzi ni bakteria, si ng'ombe mwenyewe, na bakteria wanahitaji naitrojeni, ambayo hutoka kwenye protini. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya malisho makavu, kazi yao inazorota, majani yanakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anapunguza kula. Angalia kinyesi: kikiwa kigumu, kimerundikana, na kina vipande virefu vya majani, hapo umepata jibu: protini haitoshi. Ongeza lukina au desmodiamu, malisho ya jamii ya mikunde yenye protini nyingi. Ila lukina isizidi theluthi ya malisho, kwa sababu ina mimosini, ambayo ni sumu, na si kila ng'ombe ana bakteria wa kuivunja.