Pointa, wageni na fataki: usimfunge mnyororo

Mkuu, umeuliza kama umfunge mnyororo pointa wako wa Kijerumani, mbwa wa kuwinda, dume la miaka miwili, kilo 27, kuanzia mkesha wa Krismasi hadi mwaka mpya upite, maana nyumbani kwako Dar wageni watajaa na fataki zikianza huwa anarukia ukuta. Usimfunge. Mbwa aliyeshikwa na hofu ataruka ukuta akiwa na mnyororo vilevile, kisha aning'inie kwa shingo upande wa pili. Asipoufikia, atajizungushia kwenye mti, atang'oa kucha, atavunja meno kwa kutafuna chuma.

Tafuta chumba. Stoo au korido isiyo na dirisha kubwa ndiyo bora. Weka pazia zito, feni, redio yenye sauti ya kawaida, maji, na blanketi lake lisilofuliwa ili linuke yeye. Anza kumzoesha wiki mbili kabla: ale mlo wake humo, umfungie dakika 5, kesho 20, baadaye saa nzima. Ukimwingiza kwa mara ya kwanza tarehe 31 saa tano na nusu usiku, atakwangua mlango mpaka kucha zitoke damu. Siku hiyo atembezwe saa kumi na moja jioni, kabla watoto wa mtaani hawajaanza baruti zao, ale saa kumi na mbili, na akitoka kujisaidia saa mbili usiku awe kwenye kamba hata ndani ya uzio. Wapo wanaosema ukimbembeleza unamfundisha woga. Si kweli, woga haufundishwi kwa kubembelezwa. Kaa naye ukiweza.

Kama huwa anatetemeka na kutoa udende, muone daktari wa mifugo mapema Desemba, umuulize kuhusu trazodoni au gabapentini, dawa za kutuliza hofu. Dozi ijaribiwe siku tulivu kwanza, ujue inamfanyaje. Ukipewa dawa iitwayo asepromazini peke yake, hoji: inalegeza mwili, lakini hofu inabaki palepale.

Sasa nguvu zake. Kumrushia mpira saa nzima ili achoke kabla ya wageni ni kosa la wengi. Mpira unampandisha mori, na atawaingia wageni akiwa bado amewaka. Mkimbize saa kumi na mbili asubuhi, dakika 40, muwe mmerudi kabla ya saa moja na nusu. Kisha chukua theluthi ya chakula chake kikavu, kifiche kwenye nyasi na nyuma ya vyungu vya maua, atafute kwa pua dakika 15. Kazi ya pua humtuliza mbwa wa kuwinda kuliko mbio. Desemba Dar hufika nyuzi 31 na zaidi, tena kwa unyevu. Mbwa hupoza mwili kwa kutweta, na hewa nzito inapunguza nguvu ya kutweta kwake. Pointa hajui kujizuia, atakimbia mpaka aanguke. Ukimwona anayumba, ulimi umetanuka, ufizi mwekundu sana, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, halafu ndipo umpeleke kwa daktari. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likishuka hadi 39.5 acha kumpoza. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, linabana joto.

Mkienda ufukweni, mpumzishe kila dakika 10 na umpe maji baridi ya kunywa, la sivyo atakunywa ya bahari. Kesho yake mkia ukining'inia kama umekufa, usiogope sana: ni misuli ya mkia iliyochoshwa na kuogelea, hupoa kwa siku chache za mapumziko.

Hatari kubwa zaidi ni mdomo. Wageni hurusha mifupa kwa upendo. Mfupa uliopikwa, wa kuku au wa mbuzi, hupasuka vipande vikali. Kijiti cha mishikaki ni kibaya zaidi, kwa sababu kina mafuta na mbwa humeza kizima, kikatoboa utumbo. Hesabu vijiti vinavyotoka jikoni na vinavyorudi. Gunzi la mahindi haliyeyuki tumboni, linaziba. Na chini ya jiko la nyama choma, mchanga uliodondokewa mafuta huliwa kwa vijiko, ukaganda utumboni kama saruji. Weka bati chini ya jiko. Unga wa maandazi wenye hamira ulioachwa uumuke huendelea kuumuka tumboni mwake na kutengeneza pombe humo humo.

Zabibu za kwenye pilau na keki, hata chache, zinaweza kuharibu figo. Ukwaju una asidi ileile inayoshukiwa kwenye zabibu, kwa hiyo jagi la juisi lisiwe chini. Kwa uzito wake, dalili za sumu ya chokoleti zinaweza kuanza kwenye gramu 240 hivi za ile ya maziwa, 100 za ile nyeusi, au 20 tu za unga wa kakao. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kikifika gramu 135 kwa mkupuo kinavunja chembe za damu. Ufizi kupauka na mkojo kuwa mweusi huja siku kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshasahau. Jojo zisizo na sukari zisome karatasi: ksilitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, namba E967, hushusha sukari ya damu ndani ya nusu saa. Akishakula, usimpe chumvi ili atapike, na maziwa hayaondoi sumu. Piga simu kwa daktari ukiwa na karatasi ya kilicholiwa mkononi. Dawa za maumivu za kabatini, diklofenaki na ibuprofeni, usimpe kabisa.

Kifua chake kirefu kinamweka kwenye hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Mlo ugawe mara mbili au tatu, asikimbie mara baada ya kula. Akijaribu kutapika na hakitoki kitu, tumbo limekuwa gumu kama ngoma, halali wala hatulii, usisubiri asubuhi. Hapo anahitaji upasuaji ndani ya saa chache.

Geti: wageni hawafungi. Weka mtu mmoja wa getini, na mlango wa pili, hata wa wavu wa kuku kwenye fremu ya mbao, ili akipita mmoja akutane na mwingine. Kola iwe na namba ya simu iliyochongwa, ikaze kiasi cha vidole viwili kupita. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai na cheti kiwe ndani. Akimng'ata mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, mbwa awe amechanjwa au hajachanjwa.

Halafu mpigie daktari wako wiki hii, umuulize usiku wa tarehe 24 na 31 atakuwa wapi. Wengi huwa wameshapanda mabasi kwenda kwao, na namba ya pili huwezi kuitafuta saa sita usiku mbwa akiwa chini.