Kwa mnaoanza utafiti wa fangasi: jina kwanza, usugu baadaye

Vijana wanaoingia maabara hapa Mombasa hutaka kukimbilia usugu wa dawa. Hamu hiyo naipenda mno, ila nawaomba: hakikisheni kwanza mmeshika fangasi gani. Candida krusei, mojawapo ya spishi za fangasi aina ya hamira, kwa asili yake haisikii dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli. Ukiiita Candida albicans, utatangaza usugu mpya ambao haupo. Candida auris, iliyoelezwa Japani mwaka 2009, ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu vipimo vya zamani vya kikemia huichanganya na Candida haemulonii. Ikiwa mliyoiita haemulonii inaota vizuri hata kwenye nyuzi 42, ichunguzeni upya.

Kipimo cha chipukizi, cha kuitambua albicans, ni rahisi na msikidharau. Changanya koloni kidogo (kundi la fangasi lililoota) na nusu mililita ya seramu ya binadamu, weka kwenye nyuzi 37, kisha angalia kwa darubini baada ya saa mbili au tatu. Chipukizi la albicans hutoka limenyooka, halikubanwa pale linapoanzia. Likiwa limebinyika shingoni, shuku spishi nyingine, kama tropicalis. Msipitishe saa tatu, maana baadaye hizo nyingine nazo hurefuka na kukupotosha.

Kusoma kipimo cha flukonazoli, kwenye sahani ya vishimo vyenye dawa kwa viwango tofauti, ndiko kunakowasumbua wengi. Dawa hii hudumaza Candida, haiui, kwa hiyo usingoje kishimo kiwe kiangavu kabisa. Baada ya saa 24 tafuta kishimo cha kwanza ambacho ukuaji umepungua kwa nusu ukilinganisha na kile kisicho na dawa. Kwa amfoterisini B, dawa nyingine inayoua fangasi, ni kinyume: hapo usikubali ukuaji wowote. Ukiona usugu wa kweli, basi ingia kwenye jeni ya ERG11, inayotengeneza kimeng'enya kinacholengwa na flukonazoli, au pampu zinazoitapika dawa nje ya seli.

Unyevu wa Pwani nao ni adui: hustawisha ukungu, na feni huupeperusha. Zimeni feni mnapofungua sahani za kuoteshea, hata jasho likiwatiririka, na acheni wazi sahani moja isiyopandwa kitu. Ukungu ukiota humo, mtajua umetoka hewani.

Na mgonjwa wa choa aulizwe amepaka nini. Krimu nyingi za madukani zina steroidi: muwasho hupoa huku fangasi ikitambaa chini kwa chini, na kidonda hubadilika sura. Ulizeni kwa upole, bila kumwaibisha, na jibu liandikwe kwenye fomu ya sampuli kabla hamjakwangua ngozi.