Ukitaka Mtazamaji Alie, Mnyime Mhusika Wako Machozi

Tangu sehemu ya saba ya tamthilia yetu ilipoonyeshwa mwezi uliopita, simu yangu haijapoa. Watu ambao hatujawahi kuonana wananiandikia kwamba walilia mbele ya watoto wao, na mzee mmoja mstaafu wa jeshi amenitumia ujumbe wa sauti ambao nusu yake ni kukohoa na kusafisha koo. Sitajifanya kwamba sikufurahi. Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima mwenye kazi zake. Lakini uliokaa kichwani mwangu ni ujumbe wa kijana wa Dodoma anayeandika filamu yake ya kwanza. "Shikamoo dada," anasema. "Katika muswada wangu nimeua watu watatu, mama, mchumba na mtoto mchanga, nikawasomea wenzangu, na hakuna hata mmoja aliyelia. Nimekosea wapi?"

Najua kwamba wengi wenu mnaonisoma mnaitamani saa ile ile ninayoitamani mimi: ukumbi umenyamaza, taa hazijawashwa, na mahali fulani kwenye viti vya nyuma mtu anapenga kamasi kwa siri. Kwa hiyo jibu la kijana huyu ni lenu pia.

Elimu yangu ya kilio niliipata katika kibanda umiza kimoja cha Tandika, kwenye mabenchi ya mbao yaliyopangwa kwa kubanana. Filamu za Kihindi zilikuwa zikitafsiriwa kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kazi ambayo Lufufu aliipatia jina kubwa Dar es Salaam. Mtafsiri wetu alikuwa wa kuiga tu: alisimama kando ya televisheni na maikrofoni yake, alitania, aliwapa wahusika majina ya mtaani, na hakujua kufunga mdomo. Siku tuliyoonyeshwa Mother India, filamu ya mwaka 1957 iliyokuwa na umri mkubwa kuliko karibu kila mtu mle ndani, alizungumza mfululizo. Alizungumza wakati Radha, anayeigizwa na Nargis, anavuta plau kwa mabega yake mwenyewe. Alizungumza wakati mkopeshaji anadai deni lisilokwisha. Ilipofika pale ambapo Radha anamwelekezea bunduki mwanawe Birju, ambaye amemteka binti wa mkopeshaji, mtafsiri akanyamaza. Sijui kama ulikuwa ufundi au koo lilimkauka. Mama alifyatua risasi, mwana akaanguka, na kina mama waliokaa mbele yangu wakajifunika kanga usoni kwa pamoja.

Nimeifikiria sini hiyo kwa miaka mingi, na sidhani kwamba ni kifo cha Birju kilichotutoa machozi. Katika filamu tulizozoea watu walikufa kwa makundi na hatukuwa na habari nao. Radha alikuwa na nafasi ya kumwacha mwanawe aende zake, sisi sote kibandani tulikuwa tukimwomba kimoyomoyo amwache aende, naye akaamua vingine. Uamuzi ndio unaoliza. Mdogo wangu wa Dodoma amenipa vifo vitatu, na katika kurasa zote alizonitumia sijaona mtu aliyeamua jambo lolote.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitoka Zimbabwe filamu iitwayo Neria. Neria, aliyeigizwa na Jesesi Mungoshi, anafiwa na mumewe Patrick, na shemeji yake Phineas anaanza kujitwalia mali ya marehemu kwa kisingizio cha mila. Oliver Mtukudzi aliigiza humo kama kaka yake Neria, na wimbo wake wenye jina la filamu bado unapigwa hadi leo na watu ambao filamu yenyewe hawajawahi kuiona. Niliitazama pamoja na kundi la akina mama wa Mbagala ambao wengi wao ni wajane. Wakati wa msiba walikuwa bado wanamenya karanga na kuulizana bei ya vitenge. Phineas alipoanza kujichukulia vitu, karanga zikawekwa chini. Kila mmoja wao alikuwa amekwisha kumwona Phineas wake: mtu anayefika siku ya arobaini akiwa amevaa vizuri, anayeita kila mtu "shemeji" kwa upole, na pikapu ya kukodi inamsubiri barabarani. Walilia kwa ajili ya kabati zao wenyewe, vitanda vyao, na cherehani ambazo hawakuzipata tena.

Jambo jingine ni muda. Steven Kanumba alipofariki dunia tarehe 7 Aprili 2012, watu walifurika viwanja vya Leaders Club kumuaga, na wengi wao hawakuwahi kumshika mkono hata mara moja. Walikuwa wamekaa naye sebuleni miaka kadhaa, filamu moja baada ya nyingine, wakamzoea namna anavyocheka na namna anavyokasirika. Huwezi kununua mazoea hayo kwa kurasa mbili. Mtoto mchanga wa kijana wangu anazaliwa ukurasa wa tisa na kufa ukurasa wa kumi na moja. Hata jina hajapewa. Mtu gani mwenye akili zake atamlilia?

Haya ninayoyasema leo kwa kujiamini, kuna wakati niliyasema nikachekwa. Miaka iliyopita nilimpelekea muswada mtayarishaji mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa anajijua. Aliufungua katikati, akasoma kama kurasa mbili, akauliza: "Sasa kilio kiko wapi hapa?" Alitaka mama mwenye genge aanguke juu ya kaburi la mwanawe, mvua kubwa inyeshe, na kinanda kipigwe tangu jeneza linapotolewa nyumbani. Nilikataa, akaniambia kwamba sijui watazamaji wa Tanzania wanataka nini. Baadaye niliiona hadithi yangu kwenye televisheni: mama yule yule, genge lile lile, mvua tele, na jina langu halikuwepo popote. Siku ile nililia kweli, na hakuna aliyenipigia kinanda. Wiki iliyopita amenipigia simu kunipongeza, akaniita dada yake wa siku nyingi. Nilimwitikia kwa adabu, kama nilivyofundishwa nyumbani, lakini nisiseme uongo: kidonda bado kinauma nikikigusa.

Sini iliyowaliza watu mwezi uliopita haina mvua. Nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ushauri wangu wote umo ndani yake. Mzee ni mwalimu mstaafu. Binti yake, aliyekuwa akimtumia fedha kila mwisho wa mwezi, amefariki sehemu ya nne, na kifo chenyewe hatukukionyesha. Tulionyesha tu viti vya plastiki vikirudishwa kwa mwenye kuvikodisha. Sasa ni sehemu ya saba. Mzee amefika kwa wakala wa fedha za simu kusubiri fedha za dawa kutoka kwa mwanawe wa kiume. Ana kitochi ambacho namba zake zimefutika kwa kubonyezwa. Wakala, kijana mwenye haraka, anakichukua, anakibonyeza, na kusema: "Babu, meseji haiingii, simu imejaa. Nikufutie hizi za zamani?" Tunaziona anapozishusha. Zote ni za miamala: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani, jina la binti kwa herufi kubwa, mwezi baada ya mwezi. Kidole cha kijana kiko juu ya kitufe. Mzee ananyosha mkono, anaichukua simu yake.

"Acha. Nitakuja kesho."

"Lakini babu, si umesema dawa ni za leo?"

"Nimesema nitakuja kesho."

Anaitia simu katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hakuna kingine. Mwigizaji wetu, mkongwe wa jukwaani ambaye namheshimu sana, alitaka kulia pale pale mbele ya wakala, na tulibishana mchana kutwa huku jua likituhama. Alisema kwamba mzazi yeyote angelia. Nilimwambia kwamba mzazi yeyote angejizuia mbele ya kijana asiyemjua, kwamba machozi yakimtoka yeye, mtazamaji atabaki na kazi ya kumtazama tu, na kwamba nilihitaji afunge kifungo, basi. Kifungo chenyewe kilikuwa kigumu. Kilimsumbua, vidole vyake vikateleza, akarudia, na mwongozaji kwa busara yake hakukata. Watu wote walionipigia simu wamekitaja kifungo hicho, na sikukiandika mimi. Nilichoandika ni sentensi moja tu, kwamba mzee halii.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kuwapaka waigizaji gliserini machoni. Tumejaza filamu zetu watu wanaolia tangu sini ya kwanza: mke analia kwa kusalitiwa, mama mkwe analia kwa hasira, mfanyakazi wa ndani analia kwa sababu hakupewa mistari ya kusema. Mtazamaji anayeonyeshwa machozi kila baada ya dakika tano huyazoea upesi, na yanapokuja yale ya maana anakuwa amekwenda kutazama ugali jikoni. Mhusika ajizuie. Akijizuia kwa sababu tunayoielewa, na tukaona kile anachokikataa au kukishikilia, sisi tutalia kwa niaba yake. Naona tayari nimeanza kuhubiri, lakini jambo hili linahitaji mhubiri.

Nyimbo nazo zinatawaliwa na sheria hiyo hiyo, ingawa watunzi wetu wa muziki wa filamu hawataki kuisikia. Chukua Malaika, uliovuma kwa sauti ya Fadhili William na baadaye Miriam Makeba. Ni wimbo wa mwanamume anayeshindwa kumwoa ampendaye kwa kukosa mali, na bado tunaupiga kwenye harusi, maharusi wanasogea taratibu, kamati inapiga makofi. Sauti yake haiombi huruma ya mtu. Ndiyo maana mjomba fulani, ambaye naye kuna mahari aliyoshindwa miaka ya ujana wake, huondoka mezani unapoanza na kurudi umekwisha. Au mchukue Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyefanya Dar es Salaam kuwa nyumbani, na wimbo wake kuhusu kifo. Bendi yake, Super Matimila, iliupiga kwa gitaa la kuchezeka, na watu walicheza hasa, jasho likiwatoka, huku maneno yakiwakumbusha waliowazika. Ukisikiliza maneno peke yake utahuzunika kidogo, na ukisikiliza gitaa peke yake utatikisa mabega. Vikija pamoja ndipo unapojikuta umesimama katikati ya ukumbi hujui la kufanya na uso wako.

Wataalamu nao wamelichungulia jambo hili. Mwaka 1991 mwanasaikolojia John Sloboda wa Uingereza alichapisha utafiti ambao wasikilizaji waliulizwa ni sehemu gani hasa ya muziki iliyowatoa machozi au kuwasisimua mwili. Sehemu za machozi mara nyingi zilikuwa na noti inayogongana kidogo na zile zilizo chini yake, ikachelewa, kisha ikashuka na kutulia mahali pake. Mwimbaji wa taarabu anayejua kazi yake hufanya kitu cha namna hiyo bila kusoma utafiti wowote: anaichelewesha sauti juu ya fidla mpaka unatamani kumsukuma. Anakunyima kidogo, halafu anakupa. Kinanda cha huzuni kinachomwagwa tangu mwanzo wa sini hadi mwisho hakikunyimi kitu, kwa hiyo hakina cha kukupa.

Katika sini ya wakala tulikuwa na wimbo mzuri sana, na aliyeutunga alitaka uanze pale kijana anapozishusha meseji. Tuliuhamisha hadi mzee anapokuwa amekwisha kuvuka barabara. Mtunzi alininunia siku mbili. Baada ya sehemu hiyo kuonyeshwa alinipigia akasema kwamba mama yake mzazi amelia, na kwamba kwa mara ya kwanza ameuliza nani aliupiga ule muziki.

Mdogo wangu wa Dodoma, fanya hivi. Mfufue mchumba, maana hana kazi ya kufanya kaburini. Mtoto mpe jina, na mpe kurasa ishirini za kusumbua watu usiku. Mama abaki na kifo chake, lakini kabla ya hapo mfanye achague: ada ya shule au dawa yake, na mwanawe asijue kwamba kulikuwa na kuchagua. Msibani kijana wako asilie. Mpe kazi ya kuhesabu sahani za kukodi. Kisha wasomee tena wenzako, polepole, bila kuwatazama usoni. Na ukikutana na mtayarishaji anayedai lazima mvua inyeshe makaburini, mwombe kwanza akuonyeshe risiti ya boza la maji.