Ukienda kuonja mvinyo Naivasha na gari la kulala

Gari letu lilikuwa matatu. Tuling'oa viti vya Hiace, fundi akatupigia kitanda cha mbao, chini yake masanduku ya vyombo, kando mtungi wa gesi wa kilo 6. Mume wangu alipotimiza miaka 50 sikutaka kumpikia pilau hapa South B, Nairobi, kama kawaida. Nikasema tushuke Naivasha, tukaonje mvinyo pale pale unapotoka.

Safari ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Tulifika langoni pa shamba la mizabibu Jumapili alasiri bila miadi. Mlinzi akauliza kwa upole, "Mama, mmepiga simu?" Hatukuwa tumepiga. "Basi leo ni shamba tu, mama. Wenyewe hawapo." Tukaanza kugeuza kwenye kijibarabara cha udongo mweusi kilichonyeshewa usiku, tairi la nyuma likazama, tukasukumwa na vijana waliokuwa wakitoka kanisani, suti zao zikiruka matope. Mpaka leo naona haya.

Kwa hiyo piga simu siku kadhaa mapema. Uliza kama kuna wa kuwaonjesha, kama gari refu litapata pa kugeukia, na zabibu ziko hatua gani. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Ulaya mizabibu hulala wakati wa baridi, ikaamka yote pamoja. Huku kwetu karibu na ikweta hakuna baridi ya kuilaza, kwa hiyo mkulima huiamsha kwa makasi: akipogoa kipande hiki leo na kile mwezi ujao, unakuta mistari miwili jirani, mmoja una maua, mwingine una vichala vyeusi vilivyofunikwa nyavu kuzuia ndege. Ukiuliza, utaenda siku yenye kitu cha kuona. Na usichume punje bila ruhusa, kwani huenda zimepigwa dawa juzi.

Anayetaka jina la kuanzia, atafute Leleshwa. Ni mvinyo wa zabibu za Naivasha, na umeitwa kwa kile kichaka cha majani ya kijivu unachokiona kote Bonde la Ufa. Ziwa liko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, usiku unatafuta blanketi, na ubaridi huo ndio unaoiachia zabibu ukali wake kidogo. Mvinyo mweupe wa huko unakumbusha ndimu. Mimi ndio niliopenda. Mwekundu nilimwachia mwenye sherehe.

Safari ya pili tulipitia barabara ya juu ya Kinungi badala ya kuteremkia mteremko mkali wa Mai Mahiu, maana gari lenye kitanda na maji ni zito na breki zake nazijua. Tulikosea kitu kimoja tu: nyama choma na kachumbari yenye pilipili njiani. Glasi mbili za kwanza sikuonja chochote ila pilipili.

Sasa dereva. Glasi ya kuonjea inaonekana ndogo, lakini piga hesabu: mililita 50 mara 5 ni 250, yaani theluthi ya chupa. Kuna chombo cha kutemea mezani, na hicho ndicho cha dereva. Mimi nililelewa kwamba kutema mbele ya watu ni utovu wa adabu, kwa hiyo mara ya kwanza niliinama kama mtu anayeiba. Ukishindwa kutema, egesha kwanza kambini, kisha mchukue teksi mpaka shambani. Kama nyumba yenu ina magurudumu, haraka ya nini?

Kambi za kando ya ziwa nyingi zina waya wa umeme, na si mapambo. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Mahitaji yote ya choo yamalize mapema, na mswaki upige ndani ya waya. Kiboko hana habari kwamba leo ni sherehe yako.

Chupa tulizonunua nilizifunga kwa leso nikazilaza chini ya kitanda, mbali na kioo. Moja niliisahau kwenye dashibodi. Saa tatu za jua zikatosha kusukuma kizibo nje kidogo, na tulipoifungua ilinuka kama zabibu kavu zilizochemshwa. Iliishia kwenye mchuzi wa ng'ombe, na mchuzi ulikuwa mzuri.

Asubuhi ya kurudi, polisi wa trafiki alitusimamisha akamletea mume wangu alkoblo, kile kipima pombe. Akapuliza, ikasoma sufuri. Afande akachungulia nyuma, akaona kitanda, akaona leso, akauliza kilichofungwa humo. Tukamwambia ni mvinyo wa hapa hapa.

"Naivasha kuna zabibu?" akasema. "Mimi nilijua ni maua tu."