Mwanangu, usiku wako unaanzia saa saba mchana

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana nikiwa kwa fundi baiskeli, nikairudia nyumbani nilipopata miwani. Unasema: "Baba, mchana kutwa najikaza, chai ya rangi bila sukari na tango basi, lakini nikirudi usiku nakula kama nimetoka kulima. Kilo 94 hazishuki. Wewe ulipunguaje?" Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwa simu ungesema "sawa baba" ukakata.

Kwanza acha kujiita mlafi. Neno hilo umeliandika mara mbili, na mimi sikulea mlafi. Mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri, hadi saa mbili usiku tumboni ana tango moja, anashuka kwenye mwendokasi pale Kimara na kibanda cha chipsi kinanukia. Ulitegemea afanye nini, aimbe?

Mimi jambo hili nililijulia barabarani. Enzi zile naendesha lori la Tunduma, madereva tulikuwa na imani kwamba ukishiba mchana utasinzia, na ukisinzia kwenye mlima wa Kitonga hakuna wa kukuamsha. Basi nilitoka Dar na chai tu. Chalinze napita, Morogoro napita, Mikumi naangalia tembo badala ya kula. Usiku tunaegesha Ruaha Mbuyuni, na hapo, katikati ya magunia ya vitunguu, nilikuwa nashuka kwenye gari mkono mmoja umeshafika kwenye maji ya kunawa. Ugali wa watu wawili, kuku nusu, chipsi za kusindikizia, soda mbili.

Usiku mmoja nimeshamaliza hayo yote, nimepanda kwenye kabini nilale. Chini ya kiti kulikuwa na mkate nilioununua kwa ajili ya asubuhi. Nikachukua kipande kimoja. Njaa sikuwa nayo, nakuambia kweli, tumbo lilikuwa linauma kwa shibe. Lakini mkono unakwenda na kurudi gizani, mfuko wa nailoni unalia kwaru kwaru. Utingo wangu, niliyedhani amelala, akasema: "Bosi, huo mkate unaula au unaukomoa?" Nikacheka. Ila usingizi sikuupata.

Mwaka 2011 nikapima, sukari ikasoma 6.4 kabla ya kula. Nesi akaniambia kisukari chenyewe kinahesabiwa kuanzia 7, mimi nilikuwa nimefika mlangoni nabisha hodi. Mzani ukasema kilo 103. Nikarudi nyumbani na akili hiyo hiyo uliyonayo wewe leo: nibane mchana. Nikabana, usiku nikala zaidi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimeongezeka kilo mbili.

Aliyenifumbua macho ni dada yako, wakati ule akisomea uuguzi. Alinisimulia habari za vijana 36 wa Marekani, huko Minnesota, waliojitolea wapunguziwe chakula karibu nusu kwa miezi sita mwaka 1945, ili madaktari waone njaa inamfanya nini binadamu. Vijana wenye afya na msimamo. Haukupita muda mrefu, mazungumzo yao yakawa chakula tu. Wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, watu ambao mwiko walikuwa hawaujui. Na waliporuhusiwa kula tena, wapo waliokula mpaka tumbo likajaa na bado wakasema wana njaa. Nilipomsikiliza nikaukumbuka ule mkate chini ya kiti.

Sasa wewe, si ndiye uliyenionyesha simu yako Krismasi, imejaa video za watu wanakaanga samaki? Nikakuuliza unaziangalia saa ngapi, ukasema saa ya mapumziko ya mchana. Wenzako wanakula, wewe na tango lako unatazama samaki wa kwenye kioo.

Dada yako aliniambia na jambo jingine: hata aliyekula vizuri, saa ya mwili wake humwongezea hamu ya kula ikikaribia saa mbili usiku, na asubuhi humpunguzia. Kwa hiyo unapojisifu kwamba kuruka chai ya asubuhi ni rahisi, unapigana na adui aliyelala. Jioni akiamka, wewe ndiye huna nguvu.

Basi nikaacha kuhangaika na usiku, nikaushughulikia mchana. Nikaanza kusimama Mikumi. Ugali usiozidi ngumi yangu, maharage ya kutosha au samaki, na nusu ya sahani mboga za majani. Hofu yangu ilikuwa usingizi, lakini nikagundua kinachomlaza dereva ni sinia la wali. Chakula cha kiasi hakikunilaza, na siku nikijisikia mzito nilijinyoosha dakika ishirini chini ya mti ndipo nikaondoka. Saa kumi jioni, yai la kuchemsha, au karanga kiganja kimoja. Nimesema kiganja, usije ukanunua kifuko ukakimaliza kwenye foleni. Karanga karibu nusu yake ni mafuta. Wiki ya pili hivi, tumefika Ruaha Mbuyuni, nikala sahani moja nikanawa. Utingo akaniuliza kama naumwa.

Huko Posta mama lishe hawakosekani. Mwambie akupunguzie wali akuongezee maharage na mchicha. Akikuzoea atakuwekea hivyo hata hujafungua mdomo. Wenzako watakucheka, watakuambia kitambi ni heshima. Waache, hawakubebi wao ukipanda ngazi. Soda nayo iache: chupa moja ina sukari kama vijiko vinane vya chai, na haikushibishi chochote.

Pale kwenye kibanda cha chipsi, wiki mbili za kwanza pitia upande wa pili wa barabara. Hakuna aibu. Mimi niliwahi kuegesha tani thelathini mbali na mama mmoja wa kuku wa kukaanga ili asinione.

Sasa lile uliloliandika mwishoni kwa herufi ndogo, kama vile nisingeliona. Kwamba unakula chipsi mayai stendi, halafu nyumbani unakula tena chakula alichokufunikia mkeo, asije akajua. Baba, hilo nimelifanya miaka mitatu. Mama yako alikuwa ananisubiri hadi saa sita usiku, chakula kimefunikwa kwa kawa, na mimi nimeshiba mpaka kooni. Ningemwambiaje? Nikawa nakula, namsifia, naenda kulala naugulia. Siku niliyomwambia alinyamaza muda mrefu, nikajua nimeharibu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ile samaki ya nazi uliila umeshiba?" Hilo ndilo lililomuuma, samaki wake. Lakini kuanzia kesho yake hotpoti haikuja tena mezani. Tunapakua jikoni mara moja, anayetaka kuongeza ainuke aifuate. Magoti yangu siku hizi yananisaidia sana kukataa.

Mwambie mkeo. Usisubiri miaka mitatu.

Na huo mpira wa Ulaya unaoangalia hadi saa saba usiku unakugharimu pia. Mtu asiyelala vya kutosha huamka na njaa isiyo yake. Mimi nilikuwa sina budi, ilikuwa kazi. Wewe ni Arsenal tu.

Zipo siku utaanguka, utakula mkate mzima. Mimi nilianguka mara nyingi. Kutoka 105 hadi 86 kulinichukua mwaka na nusu. Siku hiyo ikitokea, kesho yake kunywa chai na yai lako kama kawaida. Ukijiadhibu asubuhi, umeshajipikia usiku mwingine kama huo. Ila ukiona unaamka usingizini kwenda kula, au unakula huwezi kabisa kujizuia na baadaye unajichukia, nenda hospitali ukaseme hivyo hivyo bila kuficha. Dada yako anasema ni tatizo linalojulikana na lina tiba, hakuna atakayekushangaa.

Mama yako anakusalimu. Anasema mje Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wote, na mjukuu wangu. Samaki nitapika mimi, perege wa Mindu, na mchicha tumepanda nyuma ya nyumba. Pandeni treni ya asubuhi muwahi, maana chakula kitakuwa mezani saa saba mchana, na usije umeshinda na tango.

Ni mimi baba yako,
Morogoro