Jina Hili Linakaa Kwenye Kamusi Gani?

Mweka hazina wa kikoba chetu ni mama mtu mzima aliyezoea daftari la mistari na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Nilipompelekea taarifa za kwanza kutoka kwenye programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kisha akaniita.

"Mwanangu, hapa chini umeandika nimechangia elfu ishirini. Sawa. Lakini hii mistari ya juu nikiijumlisha napata laki nne na sitini. Hizi hela nyingine za nani?"

"Naomba unipe hadi kesho, mama."

Zilikuwa za wenzake. Tulikuwa wanachama 23, kila mmoja ametoa shilingi 20,000, na taarifa ya kila mtu ilibeba michango ya watu wote. Kilichonikosesha usingizi ni ile jumla: kwa kila mwanachama ilikuwa sahihi. Hesabu iko sawa, orodha imeharibika, na zote mbili zinajazwa na mistari inayofuatana. Klasi yenyewe, yaani kiolezo ambacho kila mwanachama anaundwa nacho, ilikuwa hii:

```
class Mwanachama:
    jumla = 0
    michango = []

    def weka(self, kiasi):
        self.jumla += kiasi
        self.michango.append(kiasi)
```

Kama umeanzia lugha ya Java, kama mimi, ile mistari miwili ya juu unaisoma kuwa mali ya kila mwanachama. Kwenye Python ni mali ya klasi. Klasi ina kamusi yake ya majina, yaani orodha ya majina na kile kila jina linachoshika, na kila objekti inayozaliwa nayo (hapa, mwanachama mmoja) ina kamusi yake ndogo, ambayo mwanzoni ni tupu. Ukiuliza `self.jumla` (`self` ni objekti yenyewe), Python inatafuta kwanza kwenye kamusi ya objekti. Ikikosa inapanda kwenye klasi, kisha kwa wazazi wa klasi hiyo. Huko ni kusoma. Kuandika ni habari nyingine: ukiandika `self.jumla = ...`, jina linawekwa kwenye kamusi ya objekti, hata kama klasi tayari inalo la kwake.

Sasa rudi kwenye `+=`. Mara ya kwanza Python inasoma 0 kutoka kwenye klasi, inaongeza kiasi, na matokeo inayaandika kwa mwanachama. Tangu hapo ana jumla yake mwenyewe, na mimi nadhani kila kitu kiko salama. Lakini `append` haiandiki jina popote. Inaifuata orodha ilipo, juu kwenye klasi, na kuongeza humo humo. Orodha moja, watu 23. Na kwa kuwa nilipojaribu programu nilimsajili mtu mmoja tu, kosa halikuwa na pa kuonekana.

Tiba ni fupi. Kila kilicho cha mtu binafsi kizaliwe pamoja naye, ndani ya `__init__`, ambayo Python huiendesha kila objekti inapoundwa:

```
    def __init__(self):
        self.jumla = 0
        self.michango = []
```

Juu kwenye klasi nimeacha vile tu ambavyo kweli ni vya wote, kama kiwango cha chini cha mchango. Nawasihi mnaoanza: msiikariri tiba hii bila kuelewa zile kamusi mbili, kwa sababu siku nyingine kosa litakuja na sura tofauti. Andika `vars(mama_mmoja)` uone objekti inashika nini, kisha `vars(Mwanachama)` uone klasi inashika nini. Ningefanya hivyo jioni ile, ningegundua ndani ya dakika moja kwamba `michango` haimo kabisa kwa mwanachama.

Hicho kiwango cha chini nacho kilinipa somo. Nilikiweka juu ya klasi kwa jina `kiwango`, kisha ndani ya methodi (fanksheni iliyo ndani ya klasi, kama `weka`) nikaandika `kiwango` peke yake. Python ikasema jina hilo halijulikani, wakati liko mistari mitatu juu! Jina lisilo na nukta mbele yake hutafutwa ndani ya fanksheni yenyewe, kisha kwenye fanksheni zinazoizunguka kama zipo, kisha kwenye faili zima, mwisho kwenye majina ya kuzaliwa nayo ya lugha. Klasi inarukwa. Ukitaka cha klasi, sema waziwazi: `self.kiwango` au `Mwanachama.kiwango`. Wengi huona `self` ni usumbufu. Mimi nimeipenda, kwa sababu inamwambia msomaji jina linatoka wapi.

Faili nalo ni eneo la majina. Niliwahi kuandika ratiba ya vikao kwenye faili nililoliita `calendar.py`. Kesho yake programu ikagoma kwenye moduli (faili la programu lililo tayari) ya mambo ya intaneti ambayo sijawahi kuigusa, ikilalamika kwamba `timegm` haimo ndani ya `calendar`. Bila shaka haimo: Python huanza kutafuta kwenye folda ya programu inayoendeshwa, ikakuta faili langu na kuliacha `calendar` lake lenyewe, lenye jina hilo hilo. Ukishuku jambo kama hili, chapisha `calendar.__file__` uone limetoka folda gani.

Ndiyo maana nayapa majina yangu Kiswahili: `kalenda.py`, `jumla` badala ya `sum`, `orodha` badala ya `list`. Ukiandika `sum = 0` umelifunika jina la lugha, na mistari kumi chini ukihitaji kujumlisha, Python inakwambia namba haiwezi kuitwa kama fanksheni. Jina la Kiswahili ni nadra kugongana na la lugha.

Lakini Kiswahili kina mtego wake hapa, na sijaona anayeutaja. Umoja na wingi wetu vinatofautiana mwanzoni mwa neno, mara nyingi kwa herufi moja: mchango, michango, mkopo, mikopo. Siku moja niliandika `self.mkopo = []` nilipokusudia `self.mikopo = []`, ili kufuta mikopo iliyolipwa. Python haikulalamika. Iliunda jina jipya kimya kimya kwenye kamusi ya objekti, na mikopo ya zamani ikabaki inadaiwa.

Dawa yake ni `__slots__`, iliyokuja na Python 2.2 mwaka 2001. Juu ya klasi unataja majina yote yanayoruhusiwa:

```
    __slots__ = ("jumla", "mikopo", "michango")
```

Ukikosea herufi, kosa linatokea papo hapo. Gharama yake ni kwamba objekti haina tena kamusi ya kawaida, kwa hiyo `vars` haifanyi kazi kwake. Kwa klasi zinazogusa hela za watu nimekubali gharama hiyo. Tena ukiacha `michango = []` juu ya klasi huku jina hilo likiwa kwenye `__slots__`, Python inakataa kuijenga klasi yenyewe, kabla mwanachama hata mmoja hajasajiliwa.