"Kwa robo saa" na "kwa saa": je, ni "kwa" ileile?

Swali: Katika zoezi la hesabu la binti yangu kuna sentensi hii: "Mtu anatembea nusu kilomita kwa robo saa. Anatembea kilomita ngapi kwa saa?" Binti anasema tugawanye nusu kwa robo. Mimi naona kugawanya kutaipunguza hiyo nusu, ilhali jibu lazima liwe kubwa zaidi. Nani kakosea? Na hizo "kwa" mbili zina maana moja?

Jibu: Binti yuko sahihi. Wewe umeponzwa na mazoea ya kusema. Ukimwambia mtu "gawanya kamba hii kwa nusu", ataikata katikati. Kwenye hesabu, "gawanya 6 kwa nusu" ni kuuliza ndani ya 6 mna nusu ngapi, na zimo 12. Anayetaka 3 aseme "nusu ya 6" au "gawanya 6 kwa 2". Basi nusu ukiigawanya kwa robo unapata 2: saa ina robo nne, na katika kila robo mtu wetu anakwenda nusu kilomita. Kilomita 2 kwa saa.

Sasa hizo "kwa". Ya kwanza inataja muda uliotumika, ya pili inataja kipimo cha kulinganishia. Linganisha: "Alitembea kilomita 2 kwa saa moja" ni habari ya safari iliyokwisha, na saa nzima ilipita. "Alitembea kilomita 2 kwa saa" ni kasi tu. Huenda alitembea dakika kumi akapumzika. Neno "moja" limebadilisha habari yote! Ningeliandika zoezi mimi, ningesema "nusu kilomita katika robo saa", kisha "kilomita ngapi kwa kila saa". Katika usemi wa kawaida "kila" si lazima, lakini kwa mwanafunzi ni msaada mkubwa, kwa sababu kinachofuata "kwa kila" ndicho cha kugawanyia.

Ijaribu kanuni hiyo kwa sehemu ngumu kidogo. Mtu ametembea robo tatu ya kilomita katika theluthi ya saa. Kilomita ngapi kwa kila saa? Saa ndiyo ya kugawanyia: ¾ ÷ ⅓. Pindua theluthi iwe 3, zidisha, upate 9/4, yaani kilomita 2 na robo. Ukiulizwa saa ngapi kwa kila kilomita, mambo yanageuka: ⅓ ÷ ¾ ni 4/9 ya saa, dakika 26 na theluthi mbili. (Swali lenyewe, "saa ngapi", nalo lina mtego wake, afadhali "muda gani".)

Mtego huohuo uko kwenye "saa moja na robo". Ukikusudia dakika 75, andika "muda wa saa moja na robo", la sivyo kuna mwanafunzi atakayeinua macho kutazama saa ya ukutani.